Fimbo ya Baba na Ngumi ya Kijana: Malezi na Ghadhabu katika Shujaa Okonkwo na Rosa Mistika

Utangulizi

Kuna methali mbili za Kiswahili ambazo aghalabu hutajwa kila panapozungumzwa adhabu ya mtoto. Moja husema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyingine huagiza kwamba samaki akunjwe angali mbichi. Methali hizi zimebeba hekima isiyopaswa kubezwa, kwani jamii isiyowaongoza watoto wake haidumu. Hata hivyo, zote mbili zinamtazama mzazi. Zinamwonya juu ya machozi yatakayomtoka asipokuwa na msimamo, na juu ya samaki atakayemshinda kumkunja akichelewa. Hazisemi lolote kuhusu kinachobaki kifuani mwa mtoto baada ya kilio kunyamaza, wala kuhusu sura ambayo kitu hicho huchukua mtoto anapobaleghe na kupata nguvu za mwili.

Pengo hilo limejazwa, kwa kiasi kikubwa, na watunzi wa riwaya. Makala haya yanachunguza jinsi uhusiano wa mzazi na mtoto unavyosawiriwa kuwa chimbuko la matumizi ya nguvu miongoni mwa vijana. Kazi mbili ndizo zitakazotiliwa mkazo: Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo (1973), na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Utenzi wa Fumo Liyongo utarejelewa baadaye kama kipimo cha hoja yenyewe.

Kuhusu suala hili, maoni mawili yamezoeleka. Ya kwanza ni yale yanayodai kwamba ukali hurithiwa: mtoto wa nyoka ni nyoka, na baba mpigaji huzaa mwana mpigaji. Ya pili ni yale yanayodai kwamba kijana hupigana kwa sababu hakupigwa vya kutosha alipokuwa mdogo. Ingawa yanapingana, maoni haya yanafanana katika jambo moja. Yote huhesabu mapigo, kisha hukadiria matokeo. Riwaya zinazochunguzwa hapa haziungi mkono hesabu hiyo. Ndani yake mna kijana ambaye hatuonyeshwi akipigwa na baba yake lakini akaishi kwa nguvu za mikono, na kijana aliyepigwa mara kwa mara ambaye hakuinua mkono hata siku moja. Dai la makala haya ni kwamba kinachoamua mwelekeo wa kijana si mapigo peke yake, bali ni kama ana mtu ambaye anaweza kumpelekea uchungu wake kwa maneno na akasikilizwa.

Barubaru wa Umuofia

Achebe anaianza riwaya yake kwa mwereka. Okonkwo, akiwa na umri wa miaka 18, anamwangusha Amalinze, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwa umegusa ardhi kwa miaka saba. Wahakiki wengi wameusoma mwanzo huu kama tangazo la ushujaa, na kichwa cha tafsiri ya Kiswahili kimeutia nguvu usomaji huo. Kichwa cha Achebe kinahusu kusambaratika kwa mambo. Kile cha Kiswahili kinamtanguliza mtu mmoja na kumpa sifa kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Anayeingia katika riwaya kwa mlango huo yumo hatarini kuisahau habari inayofuata punde tu baada ya mwereka: kwamba Okonkwo hakuwa na subira na wanaume walioshindwa, na kwamba hakuwa na subira na baba yake.

Unoka, baba yake, ni mpiga zumari, mpenda mvinyo na maongezi, mtu wa madeni yasiyolipika. Riwaya haimwonyeshi akimpiga mwanawe. Jeraha la Okonkwo linatokana na neno. Alipokuwa mtoto, mwenzake wa michezo alimwambia kwamba baba yake ni agbala, na ndipo alipotambua kwamba neno hilo halimaanishi mwanamke tu, bali pia mwanamume asiye na cheo. Mtoto hakulijibu neno hilo, wala hatuambiwi kwamba alilipeleka kwa mtu yeyote. Alilimeza. Kutoka hapo anaazimia kuchukia kila kitu ambacho Unoka alikipenda, na miongoni mwa vitu hivyo ni upole.

Kwa hivyo, mwereka wa Amalinze una sura mbili. Kwa jamii, ni mchezo wenye kanuni, hadhira na ngoma. Ni mahali ambapo nguvu za barubaru zinatambuliwa na kuwekewa mipaka. Kwa Okonkwo mwenyewe, ni jibu la neno ambalo hakuwahi kulijibu kwa ulimi. Jamii ilimshangilia kwa jambo la kwanza bila kuliona la pili. Ngoma ziliponyamaza na mipaka ya uwanja ikaondoka, jibu hilo liliendelea kutolewa nyumbani, dhidi ya wake na watoto. Achebe anatueleza kwamba Okonkwo alikuwa na kigugumizi kidogo, na kwamba kila alipokasirika na maneno yakakataa kutoka haraka, alitumia ngumi. Haya si maelezo ya sura ya mhusika tu. Ndiyo maelezo mafupi zaidi ya tatizo zima la riwaya.

Inafaa kusisitiza kwamba Unoka alijaribu kusema na mwanawe. Mwaka ambao Okonkwo alikopa mbegu za viazi vikuu kwa Nwakibie, jua na mvua viliharibu mazao ya kila mtu, na mkulima mmoja akajinyonga. Katika mwezi huo mgumu Unoka, akiwa tayari mgonjwa, alimwambia kijana asikate tamaa, kwa kuwa moyo wenye fahari huweza kuhimili hasara inayowapata wote. Hasara ya peke yako ndiyo nzito. Ni maneno ya busara, na yanatoka kwa mtu aliyeijua hasara ya peke yake maisha yake yote. Lakini Okonkwo anayapokea kama mzigo juu ya mizigo mingine. Daraja la maneno kati ya baba na mwana lilikuwa limeshakatika miaka mingi nyuma, na hekima ilipofika ukingoni haikuwa na njia ya kuvukia. Unoka alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba, akapelekwa katika msitu mwovu, na alikwenda na zumari yake.

Mwana Asiyerudisha Pigo

Iwapo ukali ungekuwa unarithiwa kama rangi ya macho, Nwoye angekuwa Okonkwo wa pili. Riwaya inapoanza ana umri wa miaka 12, na baba yake ameshaanza kuona dalili za uvivu wa babu yake. Dawa anayoitumia ni karipio na kipigo cha kila mara. Tokeo lake, kwa mujibu wa msimulizi, ni kijana mwenye uso wa huzuni.

Onyesho la kukata mbegu za viazi vikuu linastahili kuangaliwa kwa makini. Okonkwo anawatisha Nwoye na Ikemefuna kwamba atawavunja taya wakikosea kukata, ilhali msimulizi anatudokezea kwamba moyoni anajua wavulana hao ni wadogo mno kwa kazi hiyo. Kuna kauli mbili hapa, moja ya moyoni na moja ya mdomoni, na watoto wanaisikia ya pili tu. Pengo hilo linarudi kuhusu Ikemefuna. Okonkwo anampenda kijana huyo wa Mbaino, na humruhusu kumbebea kigoda na mkoba wa ngozi ya mbuzi anapokwenda mikutanoni, lakini hisia pekee anayoionyesha hadharani ni hasira. Upendo upo, kilichokosekana ni lugha yake.

Nwoye, hata hivyo, ana mambo mawili ambayo baba yake hakuwa nayo utotoni. Ana nyumba ya mama yake, ambamo husimuliwa hadithi za kobe na za ndege aliyeutaka ulimwengu wote mwereka. Anajua kwamba baba anazitaka hadithi za vita na damu, na hujifanya kuzipendelea hizo ili amridhishe, lakini masikio yake yanabaki kwa mama. Pili, ana Ikemefuna, ambaye kwa miaka mitatu anakuwa kaka wa kumwiga bila kumwogopa. Mambo haya mawili hayakumwondolea Nwoye maumivu. Yalimpa mahali ambapo maumivu hayakuhitaji kugeuzwa nguvu za misuli.

Kuuawa kwa Ikemefuna kunakipiga kiota hicho. Mzee Ezeudu alikwisha kumwonya Okonkwo asishiriki, kwa kuwa kijana humwita baba. Okonkwo anashiriki, na kijana anapomkimbilia akimwita baba, ndiye anayemkata, kwa kuhofia kuonekana dhaifu. Neno la utotoni, agbala, ndilo linaloinua panga. Usiku baba anaporudi, Nwoye anajua bila kuambiwa, na kitu ndani yake kinalegea mithili ya upinde uliokazwa kisha ukakatika.

Siku mbili zinazofuata ni muhimu kwa hoja hii kuliko mauaji yenyewe. Okonkwo hali chakula. Anamwita Nwoye aje akae naye katika nyumba yake. Ni mara chache riwaya humwonyesha akiutafuta uwepo wa mwanawe bila kumkemea. Lakini kijana anamwogopa, na anapoona baba amesinzia, ananyemelea na kutoka. Onyesho hili ni pacha wa lile la Unoka katika mwaka wa ukame. Katika yote mawili baba anamkaribia mwana kwa namna ya upole, na katika yote mawili amechelewa. Unoka alichelewa kwa sababu mwana alimdharau. Okonkwo kwa sababu mwana alimwogopa. Dharau na woga, vitu vinavyoonekana kuwa kinyume, vimefanya kazi moja ya kuziba masikio.

Kilele kinafika Mbanta, uhamishoni. Okonkwo anapata habari kwamba Nwoye ameonekana miongoni mwa Wakristo. Anamkaba shingo, anamtaka aseme alikotoka, na anampiga kwa gongo zito huku wanawake wakipiga mayowe nje. Kwa hesabu ya miaka inayotajwa katika riwaya, Nwoye amekaribia umri ule ambao baba yake alimwangusha Amalinze. Achebe amewaweka baba na mwana katika mkao wa mwereka, na msomaji anaweza kutarajia kwamba kijana naye atamwinua mpinzani wake. Halifanyiki jambo kama hilo. Sauti ya mzee Uchendu inaamuru kijana aachwe, mikono inalegea, na Nwoye anatoka asirudi tena.

Ni vyema kuuliza ni kwa nini hakurudisha pigo. Kusema kwamba alikuwa mnyonge ni kukubali macho ya Okonkwo, ambaye usiku huo anajiona kuwa moto uliozaa majivu. Nwoye alikuwa amepata mahali pengine pa kuyapeleka maswali yake, yakiwemo yale ya pacha waliolia msituni na ya Ikemefuna aliyeuawa. Tenzi za wageni zilimgusa kwa sababu zilionekana kuyajibu maswali hayo. Mtu anaweza kuwa na shaka juu ya jibu alilolipata, na wahakiki wa ukoloni wana haki ya kuwa nayo. Lakini lilikuwa jibu la maneno, na mwenye jibu la maneno hakulazimika kulitafuta kwa ngumi.

Achebe hakumwacha Nwoye akiwa mshindi. Katika No Longer at Ease (1960) anarudi akiwa Isaac Okonkwo, katekista mzee na baba wa Obi. Si baba mpigaji. Hata hivyo, amemkataza mkewe kuwasimulia watoto hadithi za kale kwa kuwa anaziona za kipagani, na Obi anaaibika shuleni anapotakiwa kusimulia hadithi asiyokuwa nayo. Mwana aliyeokolewa na hadithi za mama amezifungia nje ya nyumba yake. Fimbo imeondoka, ukimya umebaki. Ndiyo sababu ni makosa kuyahesabu mapigo peke yake.

Pigo Linalomrudia Mwenyewe

Okonkwo na Nwoye ni wavulana, na jamii ya Umuofia huwapa wavulana uwanja wa mwereka. Binti hana uwanja huo. Rosa Mistika inaonyesha mahali ambapo ghadhabu ya kijana wa kike huelekea inapokosa mlango.

Zakaria wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, ni mwalimu aliyepoteza kazi na kugeuka mlevi. Mkewe Regina hupigwa, na binti zake hukua wakiyaona hayo. Rosa anapopata barua kutoka kwa kijana Charles, Zakaria anaiona na kumpiga vibaya. Jambo la kukumbukwa ni kwamba baba hakumuuliza binti maana ya barua ile, wala hakumweleza kinachomtia hofu. Alichofunzwa Rosa siku hiyo ni kwamba wanaume ni jambo lisilozungumzwa. Aliondoka nyumbani kwenda shule ya bweni akiwa na woga mahali pa maarifa.

Matokeo yanajulikana na kila msomaji wa riwaya hii. Woga unapovunjika, unavunjika ghafla, na Rosa anaupokea uhuru asiofundishwa kuutumia. Wapo wanaomlaumu kwa maadili yake, na wapo wanaomlaumu Zakaria kwa ulezi wake. Pande zote mbili huyasoma maisha ya Rosa kama suala la mapenzi peke yake, na kwa kufanya hivyo huuacha mwisho wa riwaya bila maelezo ya kutosha. Rosa anajiua. Pigo lililoanzia mkononi mwa Zakaria halikupotea njiani. Lilipita katika mwili wa binti na likatua juu ya mwili huohuo. Kujidhuru ni tendo la nguvu pia, na mhakiki anayechunguza ukali wa vijana kwa kuangalia wavulana wanaopigana tu atauhesabu upande mmoja wa nyumba.

Yafaa kutaja hapa kwamba kwa kipindi fulani Rosa Mistika ilizuiwa kutumika katika shule za Tanzania. Wakubwa waliona kwamba mambo yaliyomo hayawafai vijana. Kwa maneno mengine, riwaya inayoeleza madhara ya kutozungumza na kijana ilikutana na uamuzi wa kutozungumza na kijana. Si rahisi kupata uthibitisho bora zaidi wa hoja ya Kezilahabi.

Kipimo cha Liyongo

Mpinzani wa hoja hii anaweza kuleta Utenzi wa Fumo Liyongo, unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu na mwaka 1913. Liyongo hakumpiga mwanawe, na alizungumza naye kwa uwazi kupita kiasi. Alipoulizwa ni kitu gani kinachoweza kumuua, alijibu kwamba ni sindano ya shaba kitovuni. Kijana aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate alirudi na sindano hiyo akamdunga baba yake usingizini. Je, maneno hayakumponza mzazi huyu?

Jibu linapatikana tukiangalia maneno hayo yalielekea upande gani. Liyongo anahisi kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamfunulia siri. Alichokifanya ni kujibu swali. Asichokifanya ni kuuliza: ni nani aliyekutuma, amekuahidi nini, na wewe mwenyewe unakosa nini katika nyumba hii hata uahidiwe na wengine? Baba alifungua kinywa lakini hakufungua sikio, na mtawala aliyetaka kumtumia kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza anatamani nini. Kijana hakupata thawabu aliyoahidiwa, akaugua na kufa. Utenzi huu basi haupingi hoja ya makala haya, bali unaikaza. Kuzungumza hakutoshi ikiwa mwenye kuzungumza ni mzazi pekee.

Hitimisho

Kazi zilizojadiliwa zinatoka Unaijeri, Tanzania na pwani ya Kenya, na zinatofautiana kwa utanzu na kwa zama. Zinakubaliana, hata hivyo, kwamba ngumi ya kijana ni usemi uliokosa msikilizaji. Okonkwo hakuwa na wa kumwambia neno aliloitwa baba yake, akaishi akilijibu kwa mikono. Nwoye alipata sikio la mama, la Ikemefuna na hatimaye la wageni, akaondoka bila kupiga. Rosa hakupata sikio, akajipiga mwenyewe. Mwana wa Liyongo alisikilizwa na adui wa baba yake.

Suala hili si la vitabuni tu. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kuumiza mwili. Hatua hizo ni za haki. Lakini mjadala unaofuata kila mara vijana wanapochoma mabweni au kupigana shuleni hurudi palepale: upande mmoja unadai fimbo irudishwe, upande wa pili unadai isirudi. Riwaya hizi zinaonyesha kwamba swali hilo ni nusu ya swali. Isaac Okonkwo aliiweka fimbo chini na bado mwanawe akaenda shuleni bila hadithi ya kusimulia. Anayeiondoa fimbo hana budi kusema ni nini atakachokiweka mahali pake, na ni nani atakayeketi na kijana kabla hajafikia umri wa kutoka nyumbani baba akiwa amesinzia.